Mchoro wa Lifti Kuukuu

Milimita aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameshikilia suruali kwa mkono, maana mkanda walimvua mapokezi asije akajinyonga nao. Akaketi, akaitazama taa ya dari iliyokuwa inapepesa, akasema hiyo ni stata imekufa, wakimfungua pingu ataibadilisha bure.

"Taa iache," alisema mpelelezi. "Hapa tunashughulika na lifti."

Mpelelezi huyu wenzake walimwita Kiraka. Mkuu wa kituo alikuwa na kawaida ya kumtupia majalada yaliyochanika mikononi mwa wengine, naye akayashonashona mpaka yakavalika. Jalada la leo halikuwa limechanika. Lilishonwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera.

Lilisema hivi. Kwenye jengo moja la ofisi kuna lifti kuukuu, zile ambazo mlango wa kila ghorofa unauvuta mwenyewe kwa mkono. Kijana mmoja mbebaji alikuwa anahamisha kabati la mpangaji wa ghorofa ya nne. Akaliburuta kinyumenyume, akapapasa mpini wa mlango kwa nyuma, akauvuta, ukafunguka. Akarudi hatua. Lifti haikuwepo. Mkaguzi wa umeme alipopanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa, alikuta kipande cha waya kimeziba swichi za milango, zile ambazo kazi yake ni kuisimamisha lifti mlango wowote usipofunga sawasawa. Waya ni wa Milimita, mwenyewe kakubali. Kesho anapelekwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia, na mkewe yuko nje kwenye benchi tangu asubuhi, ana bakuli la chakula ambalo askari wa zamu wamekataa kulipokea.

"Waya ni wangu," Milimita alisema. "Lakini mimi sikuziba milango. Niliziba shimo."

"Mkaguzi ameweka mita. Kakuta milango."

"Basi mita yake ina wazimu, au mimi ndiye."

Kiraka akamsukumia kalamu na karatasi, akamwambia amchoree, na achore taratibu kwa sababu anayechorewa hesabu za umeme zilimshinda shuleni. Milimita akaguna. Akachora mstari mmoja wa kushuka, halafu akaukatakata kwa vijilango vidogo.

Alieleza kwamba swichi zote za usalama zinapanga foleni kwenye waya mmoja. Umeme unaingia kwa wa kwanza, unamuuliza, uko sawa? Akiwa sawa, unapita kwa wa pili. Swichi moja ikiachana, umeme unakwama hapo, na lifti inasimama papo hapo. Ukiiziba kwa kipande cha waya, umeme unaipita bila kuiuliza. Kuna swichi ya breki, kuna ya kamba, kuna za milango, kuna ya shimo. Ya shimo iko chini kabisa ya jengo, ya kumlinda fundi anayefanya kazi chini ya lifti. Kila swichi ina jozi yake ya skrubu kwenye bodi, zimepangwa juu kwenda chini, na mchoro uliobandikwa kwenye mlango wa kabati la umeme unakwambia jozi ipi ni ya nani.

"Lifti ilikuwa inagomagoma," alisema. "Inakwenda, inasimama katikati, inawaza, inakwenda tena. Ni tabia ya swichi iliyoingia maji. Na shimo lile lina maji. Nikaangalia mchoro, ya shimo ni ya pili kutoka juu. Nikaziba ya pili kutoka juu. Lifti ikaenda siku nzima haijagoma. Nikasema, mwizi nimempata."

"Ukaondoka ukaiacha inatembea."

"Meneja wa jengo alisema akiizima wapangaji watamla mbichi. Na swichi ya shimo haimdhuru mtu kama shimoni hamna mtu. Nilipiga kufuli mlango wa shimo, ufunguo mlininyang'anya pamoja na mkanda. Nikaenda dukani kutafuta swichi mpya. Narudi, nakuta watu wamejaa mlangoni."

Kiraka akamuuliza kama alishawahi kuigusa lifti ile kabla. Hapana, ilikuwa mara ya kwanza. Kazi za jengo lile zilikuwa za bosi wake, fundi mkubwa waliyemwita Volti, aliyeibadilisha bodi ya zamani akaweka hii. Volti sasa amehamia mbali kwa binti yake, miguu haimtii.

"Na kama kweli uliziba milango?"

Milimita aliitazama ile taa inayopepesa.

"Basi nimemuua mtoto wa mtu," akasema. "Na mnifunge."

*

Meneja wa jengo alikuwa mtu wa jasho. Alijifuta, akamkaribisha Kiraka kiti, akajifuta tena. Alisema fundi yule alifanya makusudi, aliziba milango ili malalamiko yaishe apate kwenda zake. Alisema hayo bila kuulizwa, na akayarudia.

Kiraka alikuja na wazo lake kichwani. Kama Milimita anasema kweli na mkaguzi anasema kweli, basi kuna mtu aliingia katikati yao akahamisha nyaya. Chumba cha mashine kina funguo mbili: moja ya mfagiaji, moja ya meneja. Na mlinzi wa getini alikuwa ameshamnong'oneza kwamba meneja huonekana akishuka kutoka juu ya paa kila baada ya chakula cha mchana, anatazama nyuma kama mwizi wa kuku.

Akamuuliza huko juu anafuata nini. Meneja akasema ukaguzi. Akamuuliza anakagua nini. Meneja akasema mambo ya jumla. Kiraka akamtazama tu, mpaka jasho likamalizia kazi.

"Nalala, dada yangu," meneja alisema. "Wapangaji wananisumbua. Kuna godoro nyuma ya mashine. Bodi sijaigusa, naogopa hata kubadilisha balbu."

Kiraka akamuuliza kufuli la mlango wa ghorofa ya nne, lile la kuuzuia usifunguke lifti isipokuwepo, liko katika hali gani. Meneja akasema limelegea kidogo. Tangu lini? Tangu zamani. Alishaambiwa? Alishaambiwa. Na alikuwa analisubiri nini, lijikaze lenyewe? Meneja akajifuta tena.

Mfagiaji ndiye aliyempandisha Kiraka juu. Alikuwa mama mfupi mwenye kitambaa kichwani, na alikuja kazini ingawa kila mtu alimwambia asije. Kijana aliyeanguka alikuwa mwanawe. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi ya ubebaji pale, alimwombea kwa wapangaji mlango kwa mlango.

"Nimekaa nyumbani nimeshindwa," alimwambia Kiraka ngazini. "Watu wananipa pole, nawapikia. Bora huku. Wewe nitafutie tu, mwanangu. Nitafutie aliyefanya, nimwone uso."

Kiraka akasema anatafuta.

Chumba cha mashine kilikuwa kisafi kuliko chumba chochote cha mashine alichowahi kukiona. Sakafu ilipigwa deki mpaka kona. Winchi inayoivuta lifti imepanguswa. Hata lile godoro la meneja lilikunjwa likafungwa kamba, kimya kimya, kama mama anavyoficha aibu ya mtoto. Kiraka akauliza nani anasafisha hivi. Mama akasema yeye, kila mwisho wa wiki, hapendi mahali pachafu hata kama hapaonwi na mtu.

Kiraka akazima swichi kubwa, akafungua kabati la umeme, akatoa mita aliyoazima karakana ya polisi. Bodi yenyewe ilikuwa ndani ya boksi la bati, kilichotokeza nje ni safu ya skrubu tu, haina namba. Ilikuwa bodi ya mtumba na namba zilishafutika. Ndani ya mlango wa kabati palibandikwa mchoro.

Alihitaji mtu wa kufungua mlango wa ghorofa ya nne wakati yeye ameshika mita. Alimtaka meneja. Meneja akaitwa, akafika katikati ya ngazi, akasema kizunguzungu.

"Nitakwenda mimi," mama alisema.

"Mama, hapana."

"Nishike mpini tu, si ndiyo? Nishike, nifungue, nifunge."

Akashuka. Kiraka akagusisha ncha za mita kwenye jozi ya pili kutoka juu, ambako waya wa Milimita ulishatolewa na mkaguzi. Mita ikalia mlio mmoja mrefu usiokatika, maana yake njia imeungana. Akapaza sauti, fungua. Chini huko bawaba zikalia, na mita ikanyamaza. Funga. Mita ikalia, ikakatika, ikalia tena kwa kukwaruza kama redio mbovu, hadi mama aliposukuma mlango kwa nguvu.

Kwa hiyo mkaguzi hakukosea. Ya pili kutoka juu ni milango. Na ule mkwaruzo ulimwambia jingine: lifti haikuwa inagoma kwa sababu ya maji shimoni. Ilikuwa inagoma kwa sababu mlango wa nne haushiki. Milimita alipoziba milango akidhani ni shimo, kugoma kulikwisha kweli. Jaribio lake lilimjibu ndiyo, kwa swali ambalo hakuliuliza.

Akageukia mchoro. Akautafuta mstari wa kushuka, vile vijilango. Ya pili kutoka juu, palipochapwa neno, pameandikwa shimo. Milango iko ya pili kutoka chini. Milimita naye hakukosea kusoma.

Wazo la mtu aliyehamisha nyaya likarudi, Kiraka akalimulika kwa tochi. Kila skrubu ilikuwa imedondoshewa tone la rangi ya kucha, nyekundu, na tone likiganda juu ya skrubu huwezi kuifungua bila kulipasua. Matone yote yalikuwa mazima, yana vumbi la zamani. Yaliyopasuka ni mawili tu, ya jozi aliyoigusa Milimita. Hakuna aliyehamisha waya wowote. Meneja alikuwa mlala godoro tu.

Bodi haikubadilika. Ikabaki karatasi.

Karatasi ilishikiliwa kwa plasta nyeupe ya vidonda, vipande vinne vilivyokatwa sawasawa kwa mkasi. Lakini kwenye kona zake kulikuwa na mabaki ya gundi ya rangi ya kahawia, ya mkanda mwingine. Kona ya chini kulia ilikuwa na doa la grisi la dole gumba, kubwa, lililopenya upande wa pili. Kiraka akabandua plasta za juu polepole akachungulia nyuma. Grisi iliyopenya ingetakiwa iache alama kwenye bati la mlango hapohapo. Chini kulia bati lilikuwa safi. Alama ilikuwa juu kushoto.

Akaibandua karatasi yote, akaigeuza miguu juu kichwa chini, akairudisha. Doa likakalia doa. Gundi ya kahawia ikakalia gundi. Na ya pili kutoka juu, maandishi yakiwa yamepinduka, ikawa milango.

Akampigia Volti. Binti alipokea, akampelekea baba yake simu, na mzee alikuwa na furaha ya kupigiwa. Alieleza yote bila kuficha, hata akajisifu. Alipoleta bodi hiyo, nyaya za zamani hazikufika, zilipungua kidogo tu, na kuziunga hakupenda kwa sababu kiungo ni ugonjwa wa kesho. Akaipindua bodi, nyaya zikafika. Akaupindua na mchoro. Ndiyo sheria ya karakana yake, kila mwanafunzi wake anaijua: karatasi inakaa kama bodi inavyokaa. Fundi haulizi herufi zimesimama au zimepinduka, anaangalia mahali. Ukikuta karatasi ya Volti imesimama, bodi imesimama. Imepinduka, imepinduka. Kisha akauliza Milimita anaendeleaje, yule kijana ana mkono mzuri, ila anapenda utani sana.

Kiraka akasema anaendelea.

Alipokata simu, mama alikuwa amerudi, amesimama mlangoni anahema kwa ngazi. Akaiona karatasi imepinduliwa.

"Aa, mbona umeirudisha vile?" akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa nyepesi. "Ilikuwa hivyo hivyo, kichwa chini kama popo. Nimeinyoosha mimi."

Kiraka akaziangalia zile plasta.

"Ilianguka yenyewe, mkanda umekauka kwa joto. Nikaikuta sakafuni. Nikasema mafundi hawa, hata kusoma hawajui, wamebandika herufi miguu juu. Nikaleta plasta kutoka ofisini. Nilimwita na marehemu aje anishikie, mimi sifiki juu. Nikamwambia shika hapo, usiende upande, iwe sawa." Alionyesha kwa kiganja jinsi kijana alivyoshika. "Akanicheka. Akasema mama, hata huku juu nani atakuja kuangalia."

Kiraka alianza kukunja waya wa mita. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

Kiraka alisema wamemaliza, washuke. Alisema mengine atayaandika kituoni. Alisema kufuli la mlango wa nne lilikuwa bovu muda mrefu, na meneja alijua, na hilo litaandikwa la kwanza.

"Mimi nimekuuliza kuna nini. Unaitazama karatasi kama imekutukana."

"Mama, tushuke."

"Nionyeshe."

"Ni mambo ya umeme."

"Kusoma najua. Nionyeshe."

Wakatazamana. Kiraka akaweka kidole juu ya mchoro uliopinduliwa. Akamwambia kama Milimita alivyomwambia yeye, kwamba swichi zinapanga foleni, kwamba umeme unauliza kila mmoja. Akamwonyesha skrubu kwenye bodi, moja baada ya moja, na vijilango kwenye karatasi. Hakuongeza neno. Mama akasogeza kidole chake mwenyewe, ngozi imechubuka kwa sabuni. Akakipeleka kutoka bodi mpaka karatasi. Juu, wa kwanza. Chini yake, wa pili. Akainamisha shingo ili asome neno lililopinduka.

"Milango," akasema.

Kisha akaishika karatasi mwenyewe. Akaigeuza, herufi zikasimama. Akarudia upya, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji ambayo hataki iwe pungufu. Bodi, karatasi. Wa kwanza. Wa pili.

Hapo hakusoma kwa sauti.

Alikaa chini kwenye lile godoro lililofungwa kamba. Karatasi ilikuwa bado mkononi, na alikuwa anaipapasa kona zilizokunjika, anazilainisha, huenda hata hakujua kama mkono unafanya hivyo. Kiraka akapiga magoti mbele yake. Akamwambia kuhusu kufuli tena. Akamwambia Volti hakuandika hata mshale mmoja wa kumwonya mtu. Akamwambia angeweza kufanya hivyo mtu yeyote anayependa usafi, angeweza kufanya hata yeye Kiraka. Alisema mengi, na yote yalikuwa kweli, na hakuna lililofika.

"Yule fundi," mama aliuliza, "ana watoto?"

"Mkewe ana mimba."

"Nilimlaani. Nilikwenda pale kituoni nikamlaani mbele ya mkewe."

Simu ya Kiraka ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo. Alitaka kujua kama kile kiraka kimeshonwa au vipi, karani wa mahakama anafunga orodha ya kesho na gari la mahabusu linataka majina.

"Fundi asiende, afande," Kiraka alisema. "Alisoma mchoro sawa. Mchoro ndio haukuwa sawa."

Mkuu akasema mchoro haupandi kizimbani. Kijana amekufa, magazeti yanapiga simu, na yeye hawezi kumwachia mtu mwenye waya mkononi halafu aseme ni upepo. Karatasi haijigeuzi. Kuna mtu aliyeigeuza. Ni nani?

Kiraka akasema atamweleza akirudi.

"Nieleze sasa. Ukisema hamna mtu, fundi anakwenda."

Sauti ya mkuu ilikuwa kubwa na chumba kilikuwa kidogo. Kiraka akaweka kiganja juu ya simu, lakini alichelewa. Mama alikuwa ameshainuka. Aliegemea winchi aliyoipangusa mwenyewe, akanyoosha kitambaa chake kichwani.

"Mwambie," alisema. "Mwambie ni mama yake."